Nusu ya Reli Asiyoijua

Mtaani walimwita Nyundo, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemwona asubuhi bila nyundo yenye mpini mrefu begani. Alikuwa mkaguzi wa njia ya reli. Alitoka stesheni ya sokoni alfajiri, akatembea juu ya mataruma ya reli huku akigonga bolti moja moja na kutega sikio. Bolti iliyokaza ililia kama kengele. Iliyolegea ilitoa sauti ya kikohozi, naye akapiga goti, akatoa spana.

Njia ile ilikuwa ya kilomita kumi na mbili, ikikata mji katikati hadi viwandani. Sita za kwanza zilikuwa zake. Sita nyingine zilikuwa za mkaguzi wa stesheni ya viwandani, ambaye naye alikuja akigonga kutoka upande wake. Saa nne kamili walikutana kwenye kidaraja cha mfereji wa maji ya mvua. Kila mmoja alitia sahihi katika daftari la mwenzake, kuthibitisha kwamba njia nzima imekaguliwa, kisha wakakaa ukingoni kunywa chai ya chupa. Wiki hii chai ya huyu, wiki ijayo ya yule. Halafu kila mtu na kwao.

Nyundo alikuwa na mtoto wa kiume, mwenzake alikuwa na wa kike, basi tangu watoto wakiwa wadogo wazee hao waliitana mkwe.

"Mkwe, kijana wetu hajambo?" mwenzake angeuliza.

"Hajambo. Na binti yetu?"

"Yupo, ila anasema hataki mtu wa reli."

Watoto wenyewe hawakuwahi kuonana. Siku kijana alipoleta nyumbani mchumba, muuguzi, Nyundo alikaa wiki nzima na neno kooni. Mwishowe akalitoa. Mkwe alifunga chupa, akasimama, akasema, "Basi leo chai hunywi." Alikwenda hatua tatu, kisha akageuka huku akicheka mpaka anakohoa. "Binti ana mume tangu mwaka juzi, bwana. Nilikuwa naona haya kukuambia!"

Hawakuwahi kutembeleana. Kila mmoja alijua mwenzake yupo, kesho saa nne, na hilo lilitosha.

Kisha Ijumaa moja Nyundo alirudi stesheni akakuta barua mezani. Njia imefungwa kuanzia siku hiyo, warudishe vifaa. Asubuhi ile Mkwe alikuwa amemwambia "Kesho, mkwe," kama kawaida, na hiyo kesho haikuja.

Miezi miwili baadaye alipanda basi hadi viwandani kumtafuta. Stesheni ilikuwa imepigiliwa mbao. Aliuliza kwa jina lile la kwenye daftari, dukani, kwenye nyumba za jirani, kwa mafundi baiskeli. Hakuna aliyelijua. Alirudi nyumbani.

"Umempata?" mkewe aliuliza.

"Sijampata."

"Miaka yote hiyo hukuuliza hata anakaa nyumba gani? Nyie wanaume!"

Nyasi ziliota relini, zikaja takataka, na miaka tisa ikapita. Ikifika saa nne alikuwa hana raha, anainuka kitini na kukaa tena, mpaka mkewe alijifunza kumtuma dukani saa hiyo.

Ndipo mji ulipoamua kuigeuza njia ile kuwa ya waenda kwa miguu na baiskeli, yenye miti na mabenchi. Mhandisi aliyepewa kazi, mwanamke kijana mwenye buti zilizojaa tope, alifika mlangoni.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa wewe unajua kalivati zote za kupitisha maji chini ya reli. Ramani zetu hazieleweki."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nivae viatu."

Alimwonyesha zote tisa, hata mbili zilizofunikwa na vichaka, bila kukosea hata moja. Walipofika kidarajani alisimama.

"Na huko mbele?" mhandisi aliuliza.

"Huko si kwangu. Ni kwa mkwe. Mimi sijawahi kuvuka hapa."

Mhandisi alidhani ni utani. Akaipima nusu ya pili kwa vyombo vyake, reli zikang'olewa, nyasi mpya zikapandwa. Mvua ya kwanza iliponyesha, nusu ya Nyundo ilikauka kwa saa moja. Kwenye nusu ile nyingine maji yalituama, yakaingia nyuma ya nyumba za watu. Kulikuwa na kalivati iliyozikwa, na hakuna aliyejua ilipo.

Mhandisi alirudi mbio. "Mzee, nimeulizia kule. Kuna fundi cherehani ambaye mlango wake unatazama reli. Anasema mtu wa reli aliyekuwa akikaa pale walimwita Baba Redio, alikuwa akitengeneza redio za watu. Binti yake alikuja kumchukua miaka miwili iliyopita. Wanakaa mbali, safari ya siku mbili. Namba ya binti hii hapa."

Nyundo alikaa chini. Hakuwahi kusikia kwamba Mkwe anajua redio. Na kumbe alikuwa pale miaka saba yote, mtaa wa pili tu kutoka alikoulizia.

Walipiga simu wakiwa kidarajani, sauti imefunguliwa wote wasikie.

"Baba hasikii vizuri siku hizi," binti alisema. "Nitampigia kelele sikioni. Niseme nani?"

"Sema Mkwe."

Walimsikia akipaza sauti, "Baba! Anasema ni Mkwe!" Sauti ya kizee ikasikika kwa mbali: "Mkwe? Yule wa chai?" Binti akarudi. "Subirini kidogo. Anajifuta macho."

Hivyo ndivyo Nyundo alivyovuka kidaraja kwa mara ya kwanza maishani, simu mkononi, na vibarua wawili nyuma wamebeba sururu.

"Anasema utaona ukuta wa kiwanda cha sabuni, kushoto."

"Mwambie ukuta haupo. Pamejengwa maghorofa."

Kelele sikioni. Mnong'ono. "Anasema basi hesabu hatua mia tatu na kumi kutoka kidarajani. Anasema hatua zako wewe, zile fupi."

Nyundo aliitazama miguu yake. Hakuwahi kujua kama hatua zake ni fupi. Kumbe kila siku, baada ya kuagana, kulikuwa na mtu aliyegeuka nyuma kumtazama akienda.

Alirudi kidarajani, akahesabu mia tatu na kumi. Vibarua walichimba, na kabla ya saa kuisha sururu iligonga zege. Walipouzibua mdomo wake, maji yalianza kuzunguka, kisha yakashuka kwa kishindo.

"Anauliza iliziba kwa nini?"

"Udongo na magunia."

"Anasema aliwaandikia ofisini mara tatu, hawakumjibu."

Njia ilifunguliwa miezi minne baadaye. Siku hizi Nyundo huitembea yote, na mkewe humsindikiza magoti yakimruhusu. Ijumaa hupiga simu. Mazungumzo ni mafupi, kwa sababu binti huchoka kupaza sauti. "Mwambie nitakuja," Nyundo husema kila mara, na kila mara daktari huwa ameshasema mgongo wa Nyundo hauwezi siku mbili za basi. Mkwe naye hatoki tena kitandani.

Mwezi uliopita binti alituma picha. Mzee mwembamba ameegemea mto, shuka hadi kifuani, macho pembeni. Nyundo aliivuta karibu, akaipeleka dirishani, akaitazama muda mrefu. Alimwuliza binti kama hana nyingine, ya zamani. Binti alisema baba hakuwa mtu wa picha.

Mkewe alichungulia juu ya bega lake. "Ndiye huyu?"

"Wanasema ndiye," alisema Nyundo.