Majina Niliyoyatoa

Nilifundisha maadili ya kazi katika chuo kimoja kisiwani Mombasa kwa miaka minane, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kuniuliza kama mimi mwenyewe nayaweza. Nilikuwa na shahada ya ng'ambo, koti la kitani, na chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Wanafunzi wangu walikuwa wakijiandaa kuwa wauguzi, makarani wa bandari, maafisa wa ustawi wa jamii. Niliwapa visa. Muuguzi amekosea dawa na hakuna aliyeona, afanye nini? Wao wakibishana, mimi nilipita kati ya madawati nikijiona mtu wa maana.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alifanya utafiti wake mdogo chini ya mwalimu mmoja. Mwaka ninaousema, Uhuru ukiwa bado mchanga, nilipewa watano. Wanne siwakumbuki vizuri. Wa tano alikuwa binti wa Mji wa Kale, wa nyumba ya wasomi wa dini. Babake alikataa katakata asije chuoni, kisha akakubali kwa sharti kwamba shangazi yake amsindikize. Basi shangazi mtu alikaa kila siku kwenye benchi la ukumbini, akishona kofia, mpaka vipindi viishe.

Binti huyo alitaka kujua kwa nini wanawake waliochambua buni ya kahawa katika ghala moja la Shimanzi walikuwa wakikohoa. Wengi wao walikaa Majengo. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikwenda huko na shangazi yake, nyumba baada ya nyumba. Wiki ya kwanza hakuna aliyesema naye.

"Wanamwogopa nyapara, mwalimu," aliniambia. "Nimewaambia majina yao sitayaandika."

"Bila majina nitajuaje kwamba umewaona kweli?" nilimjibu. "Yaandike kwenye daftari la pembeni. Litakaa kwangu, ndani ya mtoto wa meza, na ufunguo ninao mimi peke yangu."

Alinitazama kidogo. "Niwaambie hivyo?"

"Waambie mwalimu wako ameahidi."

Ahadi hiyo ndiyo iliyowafungua midomo. Baada ya miezi mitatu aliniletea daftari lenye majina kumi na tisa. Kila jina lilikuwa na nyumba yake, muda ambao mtu amekohoa, na anavyolala: chali, upande, au ameketi kwa sababu akilala pumzi inamkata. Watatu walikuwa wakitema damu. Nilikuwa sijapata kuona kazi ya mwanafunzi iliyofanywa kwa uangalifu namna ile. Nililifungia daftari mezani nikiwa na fahari, kana kwamba nimeliandika mimi.

Siku chache baadaye mkuu wa chuo aliniita. Mwenye ghala, ambaye ndiye aliyetujengea maktaba, alikuwa amesikia habari za utafiti.

"Ni mtu mwema," mkuu alisema. "Anataka wagonjwa wapelekwe kwa daktari. Lakini atawajuaje bila majina?"

Nilisema tumeahidi kuyaficha.

"Kuyaficha wasiyaone watu wabaya. Huyu ataka kuwatibu."

Hakutaja cheo, wala hakuwa na haja ya kukitaja. Barua yangu ya kuomba ukuu wa idara ilikuwa pale mezani kwake, naiona. Yule binti wakati huo alikuwa maktaba, ghorofa ya chini yetu, ngazi moja tu. Ningeteremka nikamuuliza. Sikuteremka. Nilikwenda chumbani kwangu, nikafungua, nikampelekea mkuu lile daftari kwa mikono miwili.

Jumatatu iliyofuata wanawake walipofika langoni mwa ghala, nyapara alikuwa na karatasi. Aliita majina kumi na tisa, akawaambia wasimame kando. Baadaye niliambiwa kwamba baadhi yao walicheka, wakidhani wamechaguliwa kwa jambo la heri. Kisha akawaambia kazi hakuna tena, kwa kuwa wanunuzi hawataki buni iliyokoholewa.

Binti alizipata habari Majengo, na kesho yake asubuhi akaingia chumbani kwangu bila kubisha. Shangazi yake alisimama mlangoni, kofia na sindano mkononi.

"Mwalimu, daftari liko wapi?"

"Limeazimwa."

"Na nani?"

Nikamwambia. Kisha nikaanza kueleza habari za daktari, kwamba nilidhani watatibiwa.

"Hukudhani, mwalimu," alisema. "Ulitaka kudhani."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti labda ningepata pa kushika.

Nilirudi kwa mkuu nikamwambia tumetenda uovu. Akasema hayo ni mambo ya ghala, si ya chuo, na daftari hakunirudishia. Nikaenda Shimanzi, nikasimama juani kati ya malori mpaka shati likanigandama mgongoni. Mwenye ghala hakukubali kuniona. Nyapara ndiye aliyetoka, akanipa mkono. "Ahsante sana, mwalimu," alisema, na alisema kwa moyo safi. "Umetupunguzia kazi."

Nilimwomba binti anipeleke kwa wale wanawake. Akakataa. Shangazi yake ndiye aliyesema, "Nitakupeleka mimi. Lakini usiende na maneno mengi."

Tulikwenda kwa aliyekuwa mkubwa wao kwa umri. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, ameegemea ukuta wa udongo, kanga mdomoni. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ndiye.

"Ndiwe mwalimu?" Alinitazama uso wote. "Sisi hatukuyui. Lakini mtoto alitwambia mwalimu ameahidi, tukaona, mwalimu hawezi kusema uongo."

"Nimekuja kukuomba radhi, mama."

Kikohozi kilimshika, kikamkunja. Tulingoja. Kilipomwachia alisema polepole, "Radhi n'takupa, mwanangu. Nisipokupa, Mungu ataniuliza. Lakini wewe ukishapata radhi utakwenda zako. Mimi n'takwenda wapi?"



Niliandika maelezo yote kwa mkono wangu, nikatia sahihi, nikayapeleka kwa maafisa wa kazi. Waliuliza, hao wanawake ni nani? Daftari sina. Ili kuwatetea ilibidi majina yao yatolewe mara ya pili, na safari hii binti alikwenda kuwauliza mmoja mmoja. Wanne walikubali. Waliobaki walifunga milango. Jibu lilipokuja lilisema wale ni vibarua wa kutwa, na kibarua wa kutwa hafukuzwi, haitwi tu.

Utafiti wake ungepata alama za juu kuliko wote. Hakuuwasilisha. Nilimsihi sana, nikamwambia asijiadhibu kwa kosa langu.

"Sijiadhibu," alinijibu. "Hivi vikohozi si vyangu, siwezi kuvifanyia shahada." Wiki hiyo benchi la ukumbini likawa tupu.

Barua ya ukuu wa idara ilikuja. Nilikaa nayo siku nne, nikijiambia nikiwa ndani nitabadilisha mambo, kisha nikakubali. Nilibadilisha jambo moja: majina ya watu yakae kwa mtafiti mwenyewe, na mwalimu asiwe na haki ya kuyadai. Ni kifungu cha mistari miwili. Nilikuwa nikiamka alfajiri nikikisoma moyoni, na hakikunituliza hata siku moja.

Mwaka uliofuata nilikutana na shangazi karibu na uwanja wa Makadara. Nilimwamkia, akaitika. Aliniambia yule mama wa Majengo alifariki kabla ya Ramadhani. Binti alikuwa akikaa na wanawake wa huko, akiwaandikia barua na kuwapeleka hospitali.

"Nifikishie salamu zangu kwake," nilisema.

"Sitazifikisha," alijibu, bila ukali. "Amepumzika na mambo yako. Mwache."

Nilisema sawa. Nilikuwa na kipindi saa nane, nikaenda kufundisha.