Kiraka Namba Saba

Mfagiaji wa maabara alikuwa na ngozi ya kusifiwa. Kiwanda kilitengeneza mafuta ya kupaka, na kila yalipoletwa manukato mapya, yeye ndiye aliyeitwa kwanza. Jumatatu mpimaji, binti makini aliyemwita shangazi, alimbandika viraka kumi mgongoni, kila kimoja na tone lake. Jumatano alivibandua na kukagua. Miaka tisa, hakutoka hata kipele.

"Shangazi, huu si mgongo, ni ukuta," binti alimtania, naye akacheka mpaka viraka vikamvuta.

Kisha yakaja manukato ya maua meupe. Kiraka namba saba kiliwasha siku ile ile. Waliporudia, kilitoa malengelenge. Mara ya tatu hakuweza kuegemea kiti wiki nzima.

Binti aliandika yote, akampelekea mkuu wa maabara. Mfagiaji alikuwa akidekia mlangoni, akasikia.

"Yanaisaidia nini ngozi?" mkuu aliuliza.

"Hayasaidii kitu, bosi. Yanaficha harufu ya mafuta tu."

"Wangapi wamewashwa?"

"Mmoja kati ya thelathini. Ila vibaya sana."

"Huyo umembandika miaka tisa. Ngozi yake si ya kawaida tena. Mtoe."

Kalamu ikakwaruza karatasi. Wakabaki ishirini na tisa, wote wazima, na manukato yakaitwa salama.

"Nisamehe, shangazi," binti alimwambia ukumbini.

"Umefuta nini, mwanangu? Kipele changu au mimi?"



Tangu hapo mwili ukawa mkorofi. Sabuni, mafuta ya nywele, chochote chenye harufu nzuri kilimvimbisha. Kazi ikamshinda, maana hata dawa ya kudekia inanukia. Wakamuaga kwa barua ya shukrani.

Siku hizi anakaa kwa bintiye wa kuzaa. Mjukuu akishaogeshwa na kupakwa mafuta ya kiwanda kile kile, humkimbilia bibi mikono wazi, na bibi humzuia kwa kiganja. Mtoto hununa. Walijaribu kumbadilishia mafuta. Akayalilia yale yanayonukia.

"Mama, si ungekataa tangu mwanzo?" bintiye alimuuliza siku moja.

"Waliniambia nina ngozi nzuri," alijibu, akishusha mikono ya gauni. "Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo."