Uyoga Mwekundu wa Nta

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimpelekea mama mkwe kikapu cha uyoga niliouokota mwenyewe kwenye msitu wa miombo, nje kidogo ya Kawajense. Mimi nimekulia mjini, Shanwe, uyoga niliujua wa sokoni tu. Nikajitia usafi: kila mmoja nilikata mguu kwa kisu, nikaosha udongo wote. Mama mkwe alichungulia, akamwaga kikapu kizima jalalani.

"Umekata mguu, sasa nitautambuaje? Ung'oe na udongo wake."

Nilinuna siku nzima.

Baada ya hapo nikawa nakaa naye mkekani kila mvua zinapoanza, akichambua. Unaosumbua ni mwekundu. Kuna wa kula, ambao chini ya kofia una mikunjo iliyoshikana na nyama yake na kuteremka hadi mguuni. Kuna mwingine wa rangi ileile, ambao sisi tunauita wa nta. Kofia yake inateleza, na chini ina vipande vyembamba vilivyosimama kila kimoja peke yake. Ukivifikicha, vidole vinabaki kama umeshika mshumaa. Wa njano na wa rangi ya chungwa wenye nta tuliuhesabu ndugu zake, rundo moja. Kama una sumu au hauna, hakuna aliyetaka kujaribu; wote ulitupwa. Na nyumbani kwetu aliyechambua ndiye anayeonja kwanza. Wengine wanasubiri kidogo, wamwone yuko salama, ndipo wananawa.

Msimu uliopita macho ya mama mkwe yaliingia ukungu, naye hakutaka lisemwe. Alichambua upesi kama zamani, huku akipiga soga na wifi zangu. Nikauona uyoga wa nta kwenye rundo la kula. Halafu wa pili.

Niliogopa, sifichi. Nikisema, namwaibisha mbele ya binti zake. Nikinyamaza, wa kwanza kuula ni yeye, kisha watoto wangu.

"Mama, naomba nilipitie rundo hili, nijifunze," nikasema. Nikamwekea ule uyoga wa nta kiganjani.

Aliufikicha. Vidole vikasimama.

"Nta," alisema.

Wifi zangu wakaangalia chini. Mama mkwe akafuta vidole kwenye kanga yake, akanisogezea kikapu kizima. Nilichambua upya, mmoja mmoja, mpaka mgongo ukauma.

Ugali ulipoiva, watoto walimgeukia bibi yao. Yeye akalisukuma bakuli la uyoga mbele yangu.

"Onja, mkamwana. Leo umechambua wewe."

Nilikata tonge, nikachovya, nikameza. Wote wakanitazama mdomo, kama desturi yetu inavyotaka.

Mama mkwe hakusubiri. Alipapasa mpaka akalipata bakuli, akachovya tonge lake, akala.