Laini ya Pili

Namtukuza Mungu aliyenipa mikono ya kuuguza na uzee wa kuisimulia kazi hiyo. Kila jema nitakalolitaja hapa lilitoka kwake.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja upande wa Angurai, sista mkuu alinikabidhi kipimajoto na daftari. Akasema, "Binti, usichokiona usikiandike." Nilidhani ananikaripia kabla sijakosea. Nilienda na neno hilo Amagoro, kisha Malaba, kwenye wodi ya watoto nilikostaafia.

Malaba nilifanya kazi na madaktari wanagenzi, yaani waliomaliza chuo na sasa wanajifunza kazi chini ya msimamizi. Mwaka mmoja waliingizwa katika utafiti wa pamoja: hospitali kadhaa, swali moja, fomu moja. Watoto waliotibiwa nimonia wanaendeleaje wiki mbili baada ya kurudi nyumbani? Mzazi alielezwa kwanza, akakubali kwa hiari yake. Hiyo tuliita ridhaa. Siku ikifika, daktari alimpigia simu.

Fomu zetu alipewa mmoja wao, Daktari Nekesa. Asubuhi moja nilimkuta mezani, kalamu mkononi, fomu saba mbele yake hazina jibu.

"Simu zao zimezimwa, mama," akasema. "Msimamizi anazitaka mchana. Zikibaki tupu hivi, hospitali yetu itatolewa kwenye utafiti. Na hawa watoto walitoka hapa wakicheka. Nikiandika 'anaendelea vizuri,' si ni kweli tu?"

"Umewaona?"

Akaweka kalamu chini.

"Basi usiandike."

"Sasa nitawapata wapi?"

Nikamuuliza alipiga laini gani. Huku mpakani wengi wana laini mbili, na mtu akivuka kurudi nyumbani Uganda, ya Kenya huizima. Fomu ilikuwa na nafasi ya namba moja. Hata mimi, mwenye laini mbili mkobani, sikuwa nimeliona hilo. Namba za pili zilikuwa kwenye daftari langu la wodi.

Tuliwapata watano. Wanne walikuwa wazima. Wa tano alikuwa mtoto wa Mama Amoit.

"Anahema kwa shida tangu juzi," mama akasema.

"Mbona hukurudi?" Nekesa akauliza.

"Daktari, si mlisema mtapiga simu? Nikangoja. Kumbe mnapiga kama watu wa Nairobi, laini moja tu."

Walifika kwa boda boda kabla ya saa sita. Mtoto akawekewa oksijeni. Siku ya nne alikuwa anakunywa uji.

Msimamizi alipopokea fomu aliziona mbili zilizobaki. "Na hawa?"

"Hatukuwapata, daktari."

"Andika hivyo hivyo. Kisha uziandikie hospitali zote, fomu iongezwe nafasi ya laini ya pili."

"Mimi, mwanagenzi?"

"Nani mwingine aliyeongea na yule mama?"

Sasa nimestaafu. Fomu mpya niliiona kabla ya kuondoka, na Nekesa leo anafundisha wanagenzi wake. Hunipigia kuniuliza hali, nami humshukuru Mungu kwamba asubuhi ile aliweka kalamu chini. Jumapili moja, nje ya kanisa, Mama Amoit alinishika mkono huku mwanawe akikimbizana na wenzake. "Sista," akasema, "laini zangu ni zile zile. Usizifute."

Nawe uliyesoma, Mungu akulinde wewe na wa nyumbani kwako, na siku usipopatikana mara ya kwanza, akupe mtu wa kukutafuta tena.