Faili Moja ya Zamani

Baba yetu alikuwa mchonga vinyago, na mwaka wake wa mwisho aliumaliza kwetu Ziwani, kifua kikimsumbua. Kila Jumapili baada ya kanisa, dada yangu mkubwa alimketisha kando ya kompyuta kuukuu aliyoinunua ofisini alikokuwa karani. Baba akasimulia maisha yake, dada akachapa neno kwa neno. Kisha Baba akafariki. Kurasa zile ndizo tulizobaki nazo, na nakala hatukuwa nayo, maana disketi zote nilikuwa nimezijaza michezo.

Mimi nilikuwa na kozi ya kompyuta ya miezi mitatu na kiburi cha miaka kumi. Siku moja nikaweka programu ya kuchora kadi za harusi. Katikati ikaniuliza: faili unayoleta ni ya zamani kuliko iliyomo, je, iliyomo ibaki? Nikabonyeza hapana. Nani alikuwa na muda wa kusoma! Sikujua kwamba programu kadhaa hutegemea faili moja, vile nyumba zote za ploti zinavyochota maji kwenye mfereji mmoja. Kadi zangu zikapendeza. Programu ya dada ya kuchapia ikakataa kufunguka, ikatoa ujumbe wa hitilafu tu.

"Aki wewe, umefanyia mashine nini?"

"Hiyo ni virusi, siz. Dawa yake ni kuformati tu."

"Na maneno ya Baba?"

"Hayo yashaliwa kitambo."

Nilisema hivyo bila hata kuangalia. Nikafuta diski nzima, nikapanga kila kitu upya. Dada alilia, kisha akanishukuru kwa kujaribu.

Baada ya mwaka hivi, mama mmoja muuza vitambaa wa Majengo aliniita. Orodha ya wateja wake ilikuwa haifunguki. Nikaona ujumbe uleule, herufi kwa herufi. Wakati huo nilikuwa nimejifunza kutazama tarehe za faili, nikakuta moja ya zamani imekaa mahali pa mpya. Nikarudisha ile mpya kutoka kwenye disketi za programu yake. Orodha ikafunguka, hakuna jina lililopotea.

"Mashallah, mwanangu!" akasema, akanimiminia chai. Niliiacha mezani.

Nilitembea hadi nyumbani nikamweleza dada yote, hata ule uongo wa virusi. Alikuwa akipiga pasi.

"Kwa hivyo siku ile yalikuwa mle ndani?"

"Yalikuwemo. Mazima."

Nilitamani anipige. Aliizima pasi, akaketi, akafumba macho. "Nilizaliwa wakati wa mavuno," akaanza, kwa sauti ya Baba kabisa, "na mama yangu..." Akaanza tena, akakwama palepale. Akanitazama nimsaidie. Sikuweza. Jumapili zile zote, Baba akisimulia, mimi nilikuwa nje nikipiga domo.