Tathmini Iliyoshuka Jikoni

Nilikuwa nafundisha hesabu katika shule moja ya kusini mwa Stockholm ilipoamua kuomba ithibati ya kimataifa. Mkuu wa shule akanipa mimi, Mtanzania pekee pale, kazi ya kuratibu tathmini ya ndani. Nilikusanya ripoti za walimu kwa miezi kadhaa, na kila idara ilijisifu. Nikaona nishuke jikoni.

Mpishi wetu, mama kutoka Bukavu, aliniuliza kwa Kiswahili cha kwao Kongo, "Mwalimu, unataka ukweli ao unataka tu karatasi?"

"Nataka ukweli, mama."

"Batoto benye banafika mupya, habajue Kiswidi, banakula peke yabo. Kila siku naona."

Nikayaandika maneno yake kwenye ukurasa wa udhaifu wetu. Mkuu alipousoma alisita. "Wakaguzi wakiona hili watatunyima," alisema.

"Watakula chakula cha mchana hapa hapa," nikamjibu. "Wataona wenyewe."

Akachukua kalamu, akasaini. Wiki ile ile tukaanza kumpa kila mtoto mgeni mwanafunzi mwenyeji wa kukaa naye mezani.

Wakaguzi walipofika, waliomba kuonana na aliyeitoa hoja ile. Mama akaketi kati yao, akaeleza kwa Kiswidi, taratibu, bila kumwogopa mtu, nao wakawa wanaandika. Nilimtazama nikajisikia fahari ambayo ufundishaji wa miaka mingi haukuwahi kunipa.

Ithibati tuliipata. Siku ya kutangazwa, mkuu alitutaja sote wawili, akaanza na mama.