Fundi wa Mapazia na Mwili wa Kuazima

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, hushona mapazia chumba cha nyuma cha duka langu la vitambaa. Mkono wake hauna mpinzani. Lugha ya kigeni aliisoma darasa la jioni, na kuiandika anaiandika bila shida. Kuisema ndiyo shughuli. Akitazamwa tu, yote aliyosoma yanahama.

Ikatokea mgeni mmoja mwenye lugha hiyo kafungua nyumba ya kulala wageni, madirisha kila upande. Akasema hataki dalali wala mkalimani. Atazungumza na fundi mwenyewe Jumatatu, wasipoelewana atatafuta mwingine. Dalali aliyekataliwa ni mimi, na ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Nikaenda chuo cha kompyuta mtaa wa pili, ambako madirisha yalizibwa kwa magazeti. Tukapatana: mimi niwawekee mapazia, wao wamwachie shemeji atumie miwani yao, ile mikubwa inayofunika macho. Ukiivaa unaingia mji usiokuwepo, unachagua mwili, unaongea na wanafunzi wa nchi nyingine ambao nao wamevaa miili ya kuazima.

Shemeji akachagua jibaba lenye kipara na suti. Mwanzoni alisalimia tu. Wiki haijaisha nikamkuta kasimama katikati ya chumba, miwani usoni, anamgombeza mtu kwa lugha ya watu.

"Nani huyo?"

"Simjui. Kaweka pazia fupi sebuleni kwake."

"Na huogopi?"

"Niogope nini, shemeji? Wakicheka, wanamcheka kipara."

Jumatatu tukaenda, bila kipara. Mgeni akauliza swali la kwanza. Shemeji akafungua mdomo, akaufunga. Mgeni akarudia polepole, jambo ambalo halikusaidia. Nikaona kazi inatutoka hivihivi.

Shemeji akachomoa futi yake ya kupimia, akaenda dirishani, akaingia nyuma ya pazia kuukuu lililokuwepo, akalivuta likamfunika mpaka miguuni. Kisha pazia likaanza kuongea.

Lugha hiyo mimi naijua ya kuulizia bei tu, lakini nilifuata. Pazia lilieleza vipimo, mikunjo, jua la mchana, likaisema vibaya fimbo iliyolishikilia. Mgeni akavuta kiti akakaa mbele yake, akauliza, akajibiwa. Nadhani aliamini ndivyo mafundi wa huku wanavyopima. Hata kukohoa aliniomba ruhusa kwa macho.

Kwenye kitambaa wakavutana. Mgeni alitaka chepesi, kipitishe mwanga. Pazia likashikilia kizito chenye bitana, halikulegea, mpaka mgeni akakubali. Mkono ukatoka pembeni, wakashikana, kazi ikawa yake.

Njiani nikamwambia, "Chepesi kimejaa dukani. Ungemwachia tu."

"Nitakuwa nayatundika kule kwake chumba kwa chumba, shemeji, na yeye atakuwa anakuja kuniongelesha," akasema. "Chepesi kinaonyesha mtu."